Kofia ya Vipande Viwili

Ochola alipiga pasi shati lake jeupe juu ya kitanda, kwa sababu meza ilikuwa imejaa vitabu. Alipokuwa akipiga pasi alijirudia maneno yale yale: aingie ukumbini, aitazame kofia, atoke. Asimsemeshe mtu. Shahida akitokea ghafla, ageuze uso, awe kama mtu aliyekuja kutafuta ofisi akakosea mlango.

"Ochola!" Mama Millicent, mwenye nyumba, alimwita kutoka uani alikokuwa akianika nguo. "Hiyo shati unaenda nayo harusi?"

"Naenda kuona maonyesho, mama. Ya chuo."

"Bado chuo? Haki wewe! Wenzako wanasomesha watoto, wewe bado unasoma tu. Utaoa lini?"

"Nikimaliza, mama."

"Ukimaliza nini?"

Alichomoa pasi, akavaa shati likiwa bado na joto, akafunga mlango wa chumba chake kwa kufuli. Hapakuwa na mtu ndani wa kumwambia kwaheri.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane. Alijua useremala kabla hajajua kuandika barua, na mambo ya vitabuni aliyapata jioni, baada ya kazi, katika madarasa ambayo walimu wake walikuwa wamechoka kama yeye. Kidato cha nne alikimaliza akiwa na miaka ishirini na sita. Shahada ya kwanza aliipata akiwa na thelathini na mitano. Sasa alikuwa akisomea shahada ya uzamili katika historia ya sanaa na usanifu, na asubuhi alikuwa akipachika milango katika majengo mapya ya Upper Hill. Hakuona haya kwa kazi yake wala kwa masomo yake. Alichoonea haya ni chumba chake cha Mutuini, pembezoni mwa Nairobi, ikifika saa moja jioni: kikombe kimoja, sahani moja, na redio aliyoiwasha si kwa kuisikiliza, bali ili pawe na mtu anayezungumza.

Kulikuwa na wakati, mwaka mmoja na nusu uliopita, ambapo jioni hazikuwa hivyo.

Siku ya kwanza ya masomo, mwalimu wao, Daktari Kaindi, aliwaletea kadi za zamani kutoka katika ghala la vitu vya kale. Kila kadi ilieleza kitu kimoja na kubandikwa picha yake: chungu, mkeka, kigoda. Na kila kadi ilikuwa na mstari ulioandikwa "Mtengenezaji", na mbele yake neno moja tu: hajulikani.

Ochola aliinua mkono. "Daktari, huyu wa kigoda hakuwa hajulikani. Kigoda hiki ni cha kwetu, nimekijua kwa miguu yake. Mjukuu wake yuko hai, anachonga mpaka leo. Waliomwandika hawakumtafuta. Kutojulikana na kutotafutwa ni mambo mawili."

Msichana aliyekuwa ameketi mbele, mwenye ushungi wa kijani, aligeuka akamtazama. Hakumtazama kama watu wa chuoni walivyozoea kutazama viganja vyake vyenye sugu. Alimtazama kana kwamba amesema jambo alilokuwa akilitafuta yeye mwenyewe muda mrefu, akakuta limeshasemwa. Huyo alikuwa Shahida wa Parklands, binti wa watu wa Mombasa, aliyekuja kuandika tasnifu juu ya kofia za kushonwa kwa mkono.

Tangu siku hiyo walikuwa wakisoma meza moja.

Shahida alikuwa ameamua kushona kofia yeye mwenyewe, ili aandike juu ya kazi anayoijua kwa vidole vyake. Mama yake, Bi Saleha, ndiye aliyemfundisha: kuchora maua kwa penseli juu ya kitambaa cheupe, kutoboa vishimo vidogo kwa sindano nene, na kuzungushia kila kishimo uzi mpaka kisimame. Vishimo hivyo ni mamia. Kazi huchukua miezi. Na katika ukoo wao kulikuwa na desturi: msichana hushona vipande viwili, duara la juu na ukanda wa pembeni, lakini hawezi kuviunganisha. Anayeviunganisha ni mama yake. Mama akiviunganisha, amemkubali mwanamume atakayeivaa.

Bi Saleha alifundisha kwa furaha. Alidhani kofia ni ya Abdulrauf, mtoto wa dada yake kule Mombasa, ambaye jina lake lilikuwa limetajwa pamoja na la Shahida tangu wakiwa wadogo.

Lakini kofia huhitaji kipimo. Alasiri moja, kwenye ngazi za maktaba, Shahida alitoa uzi katika mkoba wake.

"Inama."

"Unanipima nini?"

"Kichwa. Nahitaji kichwa cha mtu kwa utafiti."

"Vichwa vimejaa hapa mjini."

"Inama, Ochola, usinichoshe."

Aliinama. Uzi ulizunguka nywele zake nyingi, na vidole vya Shahida vikakaa nyuma ya sikio lake muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kufunga fundo. Shahida aliuweka uzi ule ndani ya daftari, na alipotaka kukata ukanda wa kofia aliukata kwa kipimo cha uzi ule.

Mwezi wa tano wa kazi hiyo, Bi Saleha aliushika ukanda uliokwisha kushonwa, akauzungusha mkononi, akauzungusha tena.

"Hii si ya Abdulrauf," alisema. "Kichwa cha Abdulrauf nakijua, nimekiosha mimi akiwa mchanga. Hiki ni kichwa cha nani?"

Shahida hakuweza kumdanganya. Jioni ile alimpigia Ochola simu.

"Mama hakunipiga wala hakunitukana," alisema kwa sauti ndogo. "Amelia tu. Lau angenipiga ningejua la kufanya. Ochola, wazee wa Abdulrauf watakuja Jumamosi ya kwanza baada ya mtihani wangu. Wanataka jibu la posa. Nimemwahidi mama kwamba mpaka siku hiyo sitasema nawe. Usinipigie. Ukinipigia nitapokea, na nikipokea nitakuwa nimemwongopea."

"Sitakupigia."

"Sema tena."

"Sitakupigia, Shahida."

Alitimiza ahadi kwa miezi mitano. Aliitimiza hata katika mwezi wa tatu wa ahadi hiyo, mama yake mzazi alipofariki kule kwao Ugenya. Alimzika, akanyolewa nywele zote yeye na ndugu zake, kama desturi ya msiba ilivyotaka, akarudi Nairobi akiwa na kichwa kinachohisi kila upepo. Usiku wa kwanza alibonyeza nambari zote za Shahida isipokuwa ya mwisho. Akaiweka simu chini, kifudifudi, akaongeza sauti ya redio.

Sasa ilikuwa Alhamisi. Mtihani wa Shahida, wa kutetea tasnifu yake mbele ya wakaguzi, ulikuwa leo. Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

Ukumbi wa maonyesho ulikuwa chini ya jengo la chuo, katikati ya mji, umbali wa hatua chache kutoka barabarani. Mungai, mlinzi, alimwona akapiga saluti ya mzaha.

"Fundi! Umepotea kabisa. Kiti yako iko pale kona. Daktari Kaindi alisema iwekwe hata kama wewe haujamaliza kitabu."

"Asante, Mungai. Kuna watu?"

"Walikuwa wengi asubuhi. Saa hii ni wewe na mama mmoja. Wale wengine wako huko ndani wanaulizwa maswali. Yule dada wa kofia ameingia na bado anahojiwa." Akacheka. "Wanamkaanga."

Ochola alipita mbao ndefu zilizotundikwa michoro, zilizougawanya ukumbi kama kuta, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku la kioo lililokuwa dirishani.

Vipande vilikuwa viwili, kando kwa kando. Duara lililala upande wa kushoto, ukanda upande wa kulia, na kati yao kitambaa cheusi upana wa kiganja. Kila kishimo kilikuwa kimesimama. Alianza kuvihesabu, kisha akaona ni upumbavu. Alichokiona si vishimo. Aliona jioni mia mbili za Shahida, ameinama chini ya taa huko Parklands, akishona kitu asichojua kama kitavaliwa.

Amekonda sasa, au la? Bado anaweka sindano kati ya midomo akifikiri? Hakuna wa kumuuliza.

"Mama! Mama, hiyo kiti si ya kukaa!"

Ilikuwa sauti ya Mungai. Ochola aligeuka. Kwenye kona, mwanamke wa makamo aliyevaa buibui jeusi alikuwa ameshika goti kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine amekishika kigoda cha miguu mitatu, tayari kuketi.

"Si ya kukaa?" alisema. "Basi ni ya nini?"

"Ni ya kuangaliwa, mama. Hii ni maonyesho."

"Kigoda cha kuangaliwa! Toka nizaliwe sijasikia. Na mimi niliyesimama saa nzima niangaliwe na nani?"

Ochola alicheka. Sauti ya kicheko chake ilimshtua mwenyewe, ilikuwa siku nyingi hajaisikia. "Mwache akae, Mungai. Ni changu. Nimekichonga kikaliwe."

"Sawa, fundi. Lakini daktari akija, mimi sikuona kitu." Mungai akarudi mlangoni.

Yule mama aliketi, akavuta pumzi, akajaribu kigoda kwa kusogea huku na huku. "Mungu akubariki, baba. Magoti haya yamenishinda. Umekichonga wewe?"

"Mimi, mama."

"Kinakalika," alisema, kwa sauti ya mtu asiyetoa sifa ovyo.

"Asante."

"Hebu nisaidie jambo moja. Nimetoka nyumbani mbio nimesahau miwani. Ile kadi pale, ya kofia, nisomee. Nimekodoa macho mpaka yametoa machozi. Kofia ile ni ya mwanangu."

Ochola alisimama pale pale. Sasa aliyaona: macho yale yale ya Shahida, mapana, yenye kutazama kabla ya kuuliza. Alimjua kwa miezi mingi bila kumwona, kama mtu anavyomjua hakimu ambaye bado hajaitwa mbele yake.

Angeweza kusema ana haraka. Mlango ulikuwa wazi, na masharti aliyojiwekea asubuhi yalikuwa mepesi kukumbuka. Lakini mama mtu mzima amemwomba amsomee, na yeye aliyeanza kusoma ukubwani alijua ilivyo kusimama mbele ya maandishi usiyoweza kuyafikia. Hakuweza kumwacha.

Alisogea kwenye kioo.

"Kitu," alisoma. "Kofia ya kushonwa kwa mkono, haijaunganishwa."

"Eee."

"Mahali: Parklands, Nairobi. Vifaa: kitambaa cha pamba na uzi wa pamba. Mtengenezaji: Shahida Abubakar. Aliyemfundisha: Saleha binti Athman, mama yake."

Alipogeuka alimwona amefunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Ameniandika mimi?"

"Amekuandika, mama."

"Jina langu limo mle ndani ya kioo?"

"Limo. Limeandikwa kwa wino."

"Marehemu mama yangu alishona kofia mpaka macho yakapofuka," alisema taratibu. "Wanaume wamezivaa, wamezikwa, hakuna aliyeuliza nani kashona. Na huyu mtoto niliyekuwa nikimfinya masikio kwa kishimo kilichopinda..." Alijifuta. "Endelea, baba."

"Mzingo: sentimita sitini."

"Hmm," alisema Bi Saleha, na uso wake ukafunga. "Endelea. Wa mwisho ndio niliokuja kuusikia."

Ochola alijua mstari wa mwisho, ule wa jina la anayekitumia kitu. Kila mwanafunzi wa Daktari Kaindi aliujua. Mstari huo haukuruhusiwa kuachwa mtupu. Kama huna jina, unaandika lile neno la kadi za zamani, hajulikani, na wakaguzi wanakuuliza kwa nini. Shahida alikuwa na njia tatu tu: aandike Abdulrauf, awe amedanganya; aandike Ochola, amuumize mama yake mbele za watu; au aandike hajulikani, awe amemfuta.

Aliinama asome.

Aliusoma mara mbili.

"Mbona umenyamaza? Pameandikwa nini?"

"Mvaaji," alisoma Ochola. "Mvaaji: anajulikana."

"Anajulikana?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama. Anajulikana."

"Anajulikana na nani?"

Aliendelea kuutazama ule mstari, mwandiko wa Shahida, herufi zake ndogo zilizoegemea kulia. Miezi mitano alikuwa amelala akiamini kwamba huenda amesahauliwa. Machozi yalimjia, naye si mtu wa kulia, akageuza uso upande wa dirisha.

Akachelewa. Bi Saleha alikuwa ameinuka kutoka kwenye kigoda. Alimzunguka polepole, akamtazama viganja, akamtazama mabega, kisha akakitazama kichwa.

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Ugenya, mama. Naishi Mutuini."

"Na jina?"

"Ochola."

Bi Saleha alifumba macho, akayafumbua. "Ni wewe."

"Ni mimi, mama. Nisamehe. Sikuja kumwona, nilikuja kuona kofia, nitoke. Ulipoomba nikusomee..."

"Ungeweza kukimbia."

"Ningeweza."

"Abdulrauf angekimbia," alisema, kama mtu anayejisemea mwenyewe. Halafu akakunja uso. "Lakini usidhani kwa sababu hiyo nimekukubali. Abdulrauf ni mtoto mzuri. Ana adabu, ana nyumba, ni wa kwetu. Wewe wasali wapi?"

"Kanisani, mama. Nimelelewa huko."

"Basi unajua ninachokilia."

"Najua."

"Na ukimpenda mwanangu utafanya nini? Utasilimu Ijumaa, uoe Jumamosi, Jumapili urudi kwenu? Nimewaona. Hapa mjini nimewaona wengi."

Ochola hakukasirika. Swali lilikuwa la haki na alikuwa amejiuliza mwenyewe mara nyingi, akiwa peke yake. "Dini si shati, mama. Siwezi kubadilisha ili nipewe mtu. Nikiingia, niingie nikielewa. Jumanne na Alhamisi, nikitoka kazini, naenda darasa la watu wazima la Maalim Munir."

"Munir yupi?"

"Wa hapa mjini. Mwembamba, mwenye kikohozi."

"Munir wa kikohozi!" Bi Saleha alishika kiuno. "Kila Ijumaa huja kwangu kunywa chai na hakunambia!"

"Nilimwomba asimwambie mtu yeyote. Hata Shahida hajui."

"Kwa nini umfiche?"

"Nisingependa aone nasoma dini kama bei ya kumpata yeye. Na bado sijafika, mama. Nasoma. Mimi nimezoea shule za jioni, huwa nachelewa lakini namaliza. Sijui mwisho wa somo hili utakuwa nini, na siwezi kukuongopea kwamba najua."

Bi Saleha alirudi kwenye kioo akasimama mbele ya vipande vile viwili. Alipozungumza tena, alikuwa akizungumza na kofia.

"Ya marehemu mume wangu niliishona miezi minane. Mama aliiunganisha siku moja kabla ya nikahi. Mume alipougua, mwaka ule wa mwisho, mwili ulimwisha mpaka kichwa. Kofia ikawa inamshukia machoni. Nikaifumua, nikaipunguza. Baada ya mwezi ikamshukia tena, nikaipunguza tena." Akagonga kioo kwa ukucha. "Hii ni kubwa mno. Sitini! Sasa nakuona, wewe huna kichwa cha sitini. Alikupimaje?"

"Kwa uzi. Nilikuwa na nywele wakati ule. Nyingi."

"Kakupima juu ya nywele! Nilimwambia, wallahi nilimwambia, ukipima kichwa unazilaza nywele kwanza. Hasikii." Kisha akasita. Akakitazama tena kile kichwa, nywele zilizoanza kuota fupi kama za mtoto. Alikuwa mtu mzima, ameishi Nairobi miaka mingi na majirani wa kila kabila, na amewaona wafiwa wakinyolewa. "Na kwa nini ulinyoa?"

"Nilimzika mama. Mwezi wa tatu tangu niliposema na Shahida mara ya mwisho."

"Innalillahi." Mkono wake ulimshika mkono. "Pole, baba. Pole sana. Shahida hajui?"

"Hajui."

"Hukumpigia?"

"Aliniomba nisimpigie. Alikuwa amekuahidi wewe."

"Hata siku ile?"

"Hata siku ile."

Bi Saleha aliuachia mkono wake. Alifungua mkoba, akapekua, akatoa kijiti kilichozungushiwa uzi mweupe.

"Inama," alisema.

Ilikuwa sauti ile ile ya kwenye ngazi za maktaba. Ochola aliinama mpaka kichwa chake kikawa usawa wa kifua cha yule mama. Uzi ulipita juu ya paji, juu ya masikio, ukakutana nyuma. Safari hii haukupita juu ya nywele. Alihisi baridi yake ngozini. Vidole vikavu vilifunga fundo, vikakaza, vikaukata uzi. Tangu mama yake azikwe hakuna mtu aliyekuwa amekigusa kichwa chake.

"Nywele zitakua, mama," alisema akiwa bado ameinama. "Kipimo kitabadilika tena."

"Mshonaji ni nani hapa? Kofia hupimwa kwa kichwa, nywele hulala." Akaunyoosha uzi kwenye ukingo wa sanduku. "Una rula?"

Alikuwa nayo, na penseli nene ya useremala, mfukoni mwa shati lake lililopigwa pasi. Alipima. "Hamsini na saba."

"Haya. Kadi ile imekosea, na ina jina langu. Sitaki jina langu kwenye makosa. Kata ile sitini, andika."

"Mama, ni kadi ya mtihani."

"Mtihani wameshaukagua, si ndio wanamkaanga huko? Andika."

Sanduku halikuwa na kufuli, kifuniko tu. Ochola alikiinua, akapiga mstari juu ya sitini, akaandika 57, ile saba akiikata kiunoni kama mafundi wanavyoikata ili isichanganywe na moja.

Mlango wa ndani ulifunguliwa. Zilisikika sauti za walimu, kisha mtu akasema, "Hongera, Shahida."

"Nyuma ya mbao zile," Bi Saleha alinong'ona. "Upesi. Leo asikuone."

"Mama..."

"Jumamosi wanakuja watu. Nataka akijibu, ajibu kwa akili yake, si kwa kuwa ulisimama hapa na macho mekundu. Na mimi pia nina la kufikiri. Sijakupa mtu, unanisikia? Nimepima kichwa tu."

"Nimekusikia."

"Haya, nenda."

Alikwenda. Hakuna kitu kilichokuwa kigumu kama hatua zile sita. Kati ya ubao na ubao palikuwa na ufa wa upana wa kidole, na kupitia ufa ule alimwona Shahida kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano. Alikuwa amekonda. Ushungi ulikuwa ule wa kijani.

"Wamenipitisha, mama. Wameniuliza juu ya mstari wa mwisho nusu saa nzima. Nikawaambia sina la kuongeza."

"Alhamdulillahi. Njoo nikubusu."

Alikumbatiwa. Alipoinua uso, macho yake yaliangukia kwenye kioo, yakabaki hapo. Alisogea karibu. Kidole chake kilifuata ule mstari wa penseli, kikafika kwenye ile saba iliyokatwa kiunoni, kikasimama.

"Mama. Nani ameandika hapa?"

"Fundi mmoja. Alikuwa akipita."

Shahida aligeuka akautazama ukumbi: mlango, madirisha, kigoda kwenye kona, zile mbao. Kwa muda wa pumzi moja alitazama hasa pale kwenye ufa, na Ochola akashika ubao kwa viganja vyote viwili ili asitoke.

"Kwa nini imepungua?" Shahida aliuliza. "Mama, ilikuwa sitini. Nilimpima mwenyewe. Kwa nini imepungua? Anaumwa?"

"Haumwi. Nitakwambia tukifika nyumbani, na ukisikia utalia, na mimi nitalia nawe. Hapa si mahali."

Shahida alisimama akiwa amekaza mikono kifuani. Bi Saleha alifunga mkoba wake, ule uzi wenye fundo ukiwa ndani, akamtengeneza bintiye ushungi kama anayemtayarisha mtoto kwenda madrasa.

"Wanafunga saa ngapi hapa?"

"Saa kumi. Vitu tunaruhusiwa kuchukua leo."

"Basi kadi waachie walimu," alisema Bi Saleha. "Vipande vichukue. Vyote viwili, na sindano ile nyembamba ya kuunganishia usiisahau. Ukanda una sentimita tatu za kupunguza, na mimi macho yangu mazuri asubuhi tu."